Muuzaji kaghairi, anataka kunirudishia pesa zangu: je, kiwanja bado ni changu?

*Salamu wakili. Mwezi wa pili nilinunua kiwanja cha futi 50 kwa 100 huko Matugga, wilaya ya Wakiso, kwa shilingi milioni 60. Ni ardhi ya mailo (umiliki wa kudumu wa huku Buganda) yenye hati, ila kiwanja changu ni kipande cha hati kubwa ya muuzaji. Tuliandikiana kwa Kiingereza mbele ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) na mashahidi wawili, wakili hakuwepo. Nililipa milioni 40 siku hiyohiyo. Milioni 20 nilitakiwa kuzimaliza ndani ya miezi sita, naye akate hati (kipande changu kipate hati yake) na kunisainia fomu za uhamisho. Nimeshazungusha seng'enge na kumwaga tripu mbili za mchanga. Sasa umebaki mwezi mmoja, mzee ananipigia simu kwamba kuna mtu ametoa milioni 85, na kwamba mkewe hakuwahi kukubali mauzo. Anaomba namba ya akaunti yangu anirudishie milioni 40. Mwenyekiti naye ananishauri nichukue tu, kwa sababu "hati bado ina jina la mzee". Je, nina haki yoyote au nishukuru pesa zinarudi?*

Kwanza kabisa, namba ya akaunti usimpe. Ukishaipokea ile milioni 40 na kukaa nayo kimya, mzee atakuwa na hoja ambayo leo hana: kwamba nyote wawili mlikubaliana kuvunja mauziano. Na kama tayari anayo namba yako na pesa zikaingia bila wewe kutaka, usizitumie hata shilingi moja. Mwandikie siku ileile kwamba hujakubali kurudishiwa, kwamba pesa zimekaa palepale na unataka kiwanja, kisha wakili wako aamue zirudishwe vipi. Ujumbe wa WhatsApp unafaa kama mwanzo, kwa kuwa tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2011 mahakama zetu hupokea ushahidi wa aina hiyo. Usifute chochote kwenye simu, hata zile jumbe ulizoandika kwa hasira.

Maneno ya mwenyekiti utayasikia kwa watu wengi, nayo ni nusu ya ukweli. Ni kweli kwamba kwa ardhi yenye hati, mmiliki anayetambuliwa na daftari la ardhi ni yule ambaye jina lake limeandikwa humo. Lakini kati yako na mzee, mambo yalibadilika siku mliyotia saini na wewe ukatoa pesa. Mahakama ya Juu ya Uganda ilishaeleza kwamba katika mauziano ya ardhi, mnunuzi akishalipa arubuni anapata haki ya usawa (haki ambayo mahakama inaitambua hata kabla jina lake halijaingia kwenye hati) juu ya ardhi ile, na muuzaji anabaki ameishika hati kama mdhamini, kwa faida ya mnunuzi. Jina ni la mzee, ila hayuko huru tena kukifanyia kiwanja apendavyo. Kupata mteja wa bei ya juu hakumpi ruhusa ya kujitoa. Kama ingekuwa hivyo, hakuna mtu Uganda nzima angeweza kununua ardhi kwa awamu.

Nusu ya pili ya ukweli, na hapa mwenyekiti kakugusa pabaya, ni kwamba haki yako ina nguvu dhidi ya mzee lakini ni dhaifu dhidi ya mtu mmoja: huyo wa milioni 85. Akilipa, akasainiwa fomu na kuandikishwa kwenye daftari bila kujua habari zako wala kushiriki udanganyifu, hati yake itakuwa vigumu mno kuing'oa. Wewe utabaki kumfukuza mzee akulipe, na pesa za wazee wa namna hii huwa zimeshageuka bati na ng'ombe. Seng'enge yako na mchanga vinakusaidia kidogo, maana mahakama zetu zinamtaka mnunuzi aende uwanjani akaulize. Mahakama ya Rufani iliwahi kusema kwamba ardhi si mboga za kununua kwa mtu usiyemjua. Ila usilale ukitegemea seng'enge.

Kwa hiyo kazi ya wiki hii si kubishana na mzee. Ni kuweka kaveti.

Kaveti ni tangazo linaloandikwa juu ya hati kwenye daftari la ardhi, linalomwambia msajili asiandikishe uhamisho wala shughuli nyingine inayogusa haki yako kabla hujapewa taarifa. Anza kwa kufanya upekuzi katika ofisi ya ardhi ya kanda ya Wakiso. Unahitaji jina la kaunti, namba ya bloku na namba ya ploti ya ile hati mama, yaani hati kubwa ya mzee. Angalia kwenye mkataba wenu au kwenye nakala ya hati kama ulipewa. Ripoti ya upekuzi itakuonyesha mambo matatu unayopaswa kuyajua kabla ya kutumia senti nyingine: kama jina kwenye hati ni la mzee kweli, kama kuna rehani ya benki, na kama kuna mtu mwingine ameshaweka kaveti kabla yako. Wapo wanaogundua siku hiyo kwamba hati ni ya marehemu baba wa muuzaji na hakuna aliyewahi kuchukua barua za usimamizi wa mirathi. Hiyo ikitokea kwako, acha kusoma jibu hili uende kwa wakili moja kwa moja, kwa sababu aliyekuuzia huenda hakuwa na mamlaka ya kuuza.

Upekuzi ukiwa safi, wakili ataandaa ombi la kaveti pamoja na hati ya kiapo, utakayoapa mbele ya kamishna wa viapo, ukieleza ulinunua nini, lini, umelipa kiasi gani, na mzee anatishia kufanya nini. Ambatisha nakala ya mkataba, risiti au taarifa ya benki ya ile milioni 40, picha zako za pasipoti na nakala ya kitambulisho cha taifa. Msajili akishaipokea atamtaarifu mzee. Tegemea simu ya ukali.

Kaveti ina mipaka yake, na watu wengi huumia kwa kutoijua. Mzee anaweza kumwomba msajili aiondoe. Ukipewa notisi ya ombi hilo una siku 60. Zikiisha bila amri ya mahakama, kaveti imekufa. Basi siku unayopokea notisi ndiyo siku ya kumpigia wakili, wala si siku ya 58. Tena anwani na simu unazoandika kwenye kaveti ziwe zile unazopatikana kweli, maana notisi itafuata huko. La pili linahusu hali yako hasa: kiwanja chako hakina hati yake bado, kwa hiyo kaveti itakaa juu ya hati mama yote. Itamzuia mzee kuuza kwa wa milioni 85, lakini itazuia pia ile kazi ya kukata hati ambayo wewe mwenyewe unaihitaji. Mkija kupatana, itabidi uiondoe kwa utaratibu, karatasi zako za kukata na za uhamisho zikiwa mezani tayari, zimesainiwa. Usiiondoe kwa ahadi ya mdomo. Na kama wapo walionunua viwanja jirani kwa mzee, nao watakuja kukulalamikia. Waelewe, ila usilegee.

Sasa tuuangalie mkataba wenyewe. Chini ya Sheria ya Mikataba ya 2010, mkataba wa kitu kinachozidi pointi 25 za sarafu, yaani shilingi 500,000, lazima uwe wa maandishi. Wako umeandikwa, umesainiwa, na mashahidi wapo. Kukosekana kwa wakili hakuuvunji, na muhuri wa LC1 si ndio unaoupa uhai. Kazi ya mwenyekiti pale ilikuwa kushuhudia. Kwa hiyo hana pia uwezo wa kuufuta.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni maelezo ya kiwanja. "Futi 50 kwa 100 kutoka ardhi yangu ya Matugga" hayatoshi kwa mahakama kumwamuru mtu akukabidhi kitu, maana hati mama inaweza kuwa na ekari tatu, na futi 50 kwa 100 zinaweza kukatwa popote. Angalia kama mkataba unataja majirani wa pande zote nne, barabara, mchoro, au mawe ya mipaka. Kama hautaji, ita mpima ardhi aliyesajiliwa achukue vipimo vya pale ulipozungusha seng'enge, atoe mchoro wenye nukta za GPS, na piga picha za seng'enge na mchanga zikiwa na tarehe. Mzee alikuona ukizungusha na hakusema kitu. Hapo mwenendo wake unajaza kile ambacho karatasi iliacha.

Mambo mawili madogo kwenye karatasi hiyohiyo. Mkataba usiolipiwa ushuru wa stempu haupokelewi mahakamani kama ushahidi mpaka ulipiwe pamoja na adhabu yake. Ulipie sasa, si siku ya kesi. Na kama mzee hasomi Kiingereza, tazama mwisho wa mkataba: Sheria ya Kulinda Wasiojua Kusoma inataka aliyeuandika aweke jina na anwani yake kamili na athibitishe kwamba alimsomea na kumfafanulia kwa lugha anayoielewa. Kama sentensi hiyo haipo, wakili wa mzee ataitafuta kwanza kabla hata ya kusoma bei.

Kuhusu mke. Hoja hii inaweza kuwa kisingizio cha dakika ya mwisho, na inaweza pia kukumaliza kabisa, kwa hiyo usiidharau. Sheria ya Ardhi ya Uganda inakataza mtu kuuza ardhi ya familia bila ridhaa ya mwenzi wake iliyotolewa kabla. Lakini si kila ardhi yenye jina la mume ni ardhi ya familia. Kinachoangaliwa hasa ni kama pale ndipo makazi ya kawaida ya familia yalipo, au pale wanapoishi na kupata riziki yao. Jiulize: siku ulipokwenda kuangalia kiwanja, nyumba ya mzee ilikuwa wapi? Kama wanaishi kijiji kingine na Matugga ni shamba lililoachwa miaka mingi na sasa linakatwakatwa kuuzwa, hoja ya mke ina miguu dhaifu. Kama mkewe alikuwepo, akawapikia chai mkihesabu pesa, akatia saini kama shahidi au kupokea sehemu ya pesa, basi mashahidi wako waeleze hivyo katika viapo vyao, sasa hivi wakiwa bado wanakumbuka. Lakini kama kiwanja kimekatwa kwenye ua wa nyumba wanayolala, au kwenye migomba inayowalisha, na mama yule hakuwahi kuridhia, nikueleze bila kuzunguka: mauziano hayo ni batili, na hakuna mahakama itakayokupa kiwanja. Kilichobaki hapo ni kumdai mzee pesa zako, riba na hasara. Ulinzi ule uliwekwa kwa ajili ya mke na watoto, na uongo wa mume hauwezi kuwaondolea.

Tuseme ardhi si ya familia na upekuzi ni safi. Hapo kesi yako itasimama au kuanguka kwa zile milioni 20. Anayeiomba mahakama imlazimishe mwenzake kutimiza mkataba lazima mwenyewe aonekane ametimiza sehemu yake, au alikuwa tayari na anao uwezo wa kuitimiza. Kosa kubwa ninaloliona katika mashauri ya aina hii ni mnunuzi kununa: "Kwa kuwa amenigeuka, silipi tena." Mwezi unapita, tarehe ya mwisho inapita, na sasa ni mzee anayesema wewe ndiye uliyevunja mkataba. Usimpe zawadi hiyo. Kabla ya mwezi kwisha, milioni 20 ziwe benki na uwe na taarifa ya akaunti inayoonyesha hivyo. Kisha wakili wako amwandikie mzee barua ya kumtaka atimize: kwamba salio liko tayari, atalipwa siku atakayoleta hati mama ili ikatwe, karatasi za kukata zilizosainiwa, na fomu za uhamisho zenye saini na picha yake, itajwe siku, saa na ofisi. Barua ifikishwe na mtu atakayeweza kuapa kwamba aliifikisha, nakala yake isainiwe. Nenda siku hiyo hata kama unajua hatakuja, kaa pale na mashahidi wako. Kumwaga salio kwenye akaunti yake bila kupata karatasi sikushauri hata kidogo, hata kama mkataba umetaja akaunti hiyo. Utakuwa umemkabidhi kila kitu na mkononi una hewa. Kama wakili anaogopa lawama ya kuchelewa, pesa zinaweza kuwekwa mahakamani kwa amri yake.

Barua ikipuuzwa, ni kufungua shauri. Thamani ya ardhi ndiyo inayoamua kama ni mahakama ya hakimu mkuu au Mahakama Kuu. Pamoja na shauri, wakili ataomba amri ya zuio la muda, ambapo utaonyesha kwamba una kesi yenye mashiko, kwamba ukichelewa utapata hasara isiyofidika kwa pesa, na kama mizani imekaa katikati, kwamba ni wewe utakayeumia zaidi. Kabla ya kusikilizwa mtapelekwa kwenye usuluhishi. Uchukulie kwa uzito, maana kesi za ardhi zinakula miaka, na mzee aliyeona kaveti na zuio vimemfungia wa milioni 85 huwa anasikiliza kuliko yule wa kwenye simu.

Ukishinda, mahakama inaweza kumwamuru mzee akate hati na kukusainia uhamisho. Akikaidi, saini inaweza kuwekwa na afisa wa mahakama kwa niaba yake, kwa hiyo kukaa kwake na kalamu mfukoni hakukuzuii. Hata hivyo amri hii si haki ya kujichukulia. Ile Sheria ya Mikataba ya 2010 inairuhusu mahakama kuikataa, kwa mfano kama kutimiza hakuwezekani, kama mtu wa tatu ameshapata haki kwa nia njema, kama ugumu utakaompata muuzaji umezidi mno faida yako, au kama wewe ndiye uliyevunja mkataba kwanza. Hapo unabaki na fidia.

Na fidia si zile milioni 40 peke yake, jambo ambalo mzee hakukuambia. Ukimkamata kwenye maneno yake mwenyewe kwamba soko linatoa milioni 85, kiwanja ulichoahidiwa kwa 60 kimekupotezea milioni 25, juu ya pesa zako kurudi, riba ya muda alioshikilia, na gharama za seng'enge na mchanga (tafuta risiti). Ukiamua mwisho wa yote kukubali pesa, na wapo wanaofanya hivyo kwa akili timamu kwa sababu hawana nguvu ya kesi ndefu, basi hiyo ndiyo hesabu ya kuanzia mazungumzo. Makubaliano hayo yaandikwe na wakili, na kaveti iondoke baada ya pesa kuthibitika benki. Kama mkataba una kifungu cha "atakayejitoa atarudisha mara mbili", soma kwa makini: mara nyingi hiyo ni adhabu tu, haimpi mzee uhuru wa kuchagua kulipa na kubaki na ardhi, ila maneno yakikaa vibaya anaweza kudai hivyo.

Polisi na ofisi ya RDC (mwakilishi wa rais wilayani) wataitwa tu, najua. Mzozo wa mkataba ni wa madai, na hakuna afisa wa polisi au RDC anayeweza kuvunja mauziano yenu au kukulazimisha upokee pesa. Wakikuita nenda, sema kwa adabu, lakini usisaini karatasi yoyote pale. Mambo yanakuwa ya jinai pale mzee anapochukua pesa za mtu wa pili akijua ameshauza, au ikionekana ardhi haikuwa yake tangu mwanzo.

Jambo moja la pembeni kwa wasomaji wetu wa Kenya, Congo na Tanzania wanaonunua huku: asiye raia wa Uganda hawezi kumiliki mailo wala ardhi huru (freehold), hata akiwa wa Afrika Mashariki. Anaweza kukodishiwa ardhi kwa muda (lease) usiozidi miaka 99. Kama wewe uliyeandika si raia, mwambie wakili hilo kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu linabadilisha ombi lote.

Kwa wakili nenda wiki hii, si mwisho wa mwezi, na kwanza hakikisha kwa Uganda Law Society kwamba ana cheti cha kufanya kazi cha mwaka huu. Kama huna uwezo wa kumlipa, jaribu Justice Centres Uganda. Beba mkataba halisi, ushahidi wa malipo, ripoti ya upekuzi, picha, simu yenye zile jumbe, na namba za mashahidi wawili. Mzee akipiga tena kabla hujafika, mjibu neno moja tu: kiwanja bado nakitaka na salio liko tayari. Kisha umtumie maneno hayohayo kwa maandishi.